Mtungi wa Popo Watano

Stafford, Texas
14 Februari 1999

Mwana wa kaka yangu, Ngugi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye unyevu, ambako hata chumvi inatoa jasho ndani ya kikopo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kumshinda yule kijana wa runinga. Baba yako ameniandikia kutoka Othaya. Amewekewa meno mapya na sasa anacheka hata matangani ili yaonekane. Anauliza mbona humwandikii. Nilimjibu kwamba mtu anayesomea kompyuta hana nafasi, na kwamba Desemba hii unamaliza. Kanisani kwetu hapa Lydiah amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa akina mama, na tangu siku hiyo anatembea kama amemeza rula.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu iliyo hapa ni ya Bi Pruitt, na siwezi kulia kwenye simu ya mtu. Tena mara ya mwisho nilipopiga, mashine yenu ilirekodi ujumbe, na wale vijana watatu unaoishi nao wakasikia habari zote za tumbo langu.

Sasa neno lenyewe. Bi Pruitt, huyu ajuza ninayemtunza, alianguka mwezi uliopita akavunjika nyonga. Yuko kwenye makao ya mazoezi na atarudi tarehe kumi Aprili. Mimi nimeachiwa nyumba niilinde. Unanijua siwezi kulinda kitu kichafu, kwa hiyo nikaanza kusafisha kutoka darini kushuka chini.

Juu ya rafu ya mahali pa moto kuna mtungi wa shaba wenye kifuniko, urefu wake ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Rangi yake ni buluu inayokaribia kijani. Umejaa maua yanayotambaa kama malenge, na katikati ya maua kuna ndege fulani wabaya wenye masikio. Ukingoni na shingoni kuna dhahabu, lakini ilikuwa imefifia. Bi Pruitt anaupenda sana. Macho yake yamebaki kuona mwanga na kivuli tu, lakini kila jioni huupapasa na kusema, "Lala salama, Clyde." Clyde ni marehemu mumewe, picha yake iko hapo kando.

Nilifundisha Sayansikimu miaka kumi na tisa, kwa hiyo shaba iliyofifia siwezi kuiacha. Nikafungua kifuniko. Ndani nikakuta majivu! Laini, ya kijivu cheupe, yenye chengachenga, tena yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki yasiingie unyevu. Ngugi, nilifurahi. Nina miaka miwili katika nchi hii na sijaona mtu anayeweka majivu ya kusugulia vyombo. Wote wananunua chupa zenye picha ya limau. Nikasema, kumbe huyu mama alilelewa.

Nikachota, nikakamulia limau, nikausugua mtungi wote. Majivu yalifanya kazi vizuri hata nikaendelea na sufuria zangu sita, zikawa unaweza kujitazama ndani yake ukichana nywele. Lakini nilipoufuta mtungi niliona dhahabu imekwenda. Kumbe ilikuwa imepakwa tu, kama nyusi za Lydiah. Ukingo umebaki mwekundu wa shaba.

Wewe uko kwenye chuo chenye vitabu. Niulizie dhahabu inarudishwaje. Huyu mama akirudi akakuta nimemharibia mtungi, kampuni itanirudisha kwenye orodha ya wanaosubiri kazi, na kwa kweli aibu itaniuma kuliko hiyo orodha.

Wako shangazi,
Jedidah

Richardson, Texas
27 Februari 1999

Shangazi mpendwa,

Salamu nimezipata, pamoja na goti. Mimi ni mzima. Wale vijana watatu wanakusalimu na wanauliza tumbo linaendeleaje. Baridi hapa imekuwa ya kipumbavu, leo kaptura kesho makoti mawili. Masomo yanaendelea kama masomo. Mwambie baba nitaandika, na asicheke sana, yale meno hayana dhamana.

Kuhusu mtungi. Unakumbuka vikombe vya bati vya nyanya yangu kule Othaya, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vilivyobanduka ukivigonga? Ile rangi haikuwa rangi, ilikuwa kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Mtungi wako ni ukoo huo huo, ila umesoma zaidi. Fundi wa Kichina huchukua mtungi wa shaba, akakunja nyuzi nyembamba kwa koleo ndogo zifuate mchoro, jani, ua, bawa. Anazigandisha zikiwa zimesimama kwa ubavu, mpaka mtungi wote unakuwa vijumba vidogo mamia kwa mamia. Kila kijumba anakijaza unga wa kioo wa rangi yake. Anatia motoni, unga unayeyuka na kunywea, anajaza tena, anarudisha motoni, mara tatu au nne. Mwisho anausugua kwa jiwe kioo na uzi viwe sawa, ndipo anapaka dhahabu kwenye shaba yote inayoonekana. Kwa hiyo maua yako salama, kioo hakiogopi limau. Dhahabu ndiyo imekwenda, na hairudi kwa kuombewa.

Wale ndege wabaya ni popo. Kwa Wachina popo ni heri. Wakiwa watano ni heri tano: maisha marefu, mali, afya, tabia njema, na kufa vizuri siku yako ikifika. Wahesabu. Wakiwa watano na nyuso zao hazifanani, huo ni mtungi wa zamani kweli, una miaka mia.

Sasa, Shangazi, keti. Si kwenye stuli ya jikoni, keti kwenye kiti chenye mgongo. Nina maswali matatu. Kwenye ule mfuko wa majivu kulikuwa na kibati kidogo cha mviringo chenye namba? Bi Pruitt anaposema "Lala salama, Clyde", anazungumza na picha au na mtungi? Na Mzee Clyde amezikwa wapi?

Ukishajibu hayo matatu moyoni, acha kusugua.

Mpwa wako,
Ngugi

Stafford
6 Machi 1999

Ngugi,

Leo sina salamu.

Kibati kipo. Nilidhani ni cha mbwa waliyekuwa naye, nikakifunga kwenye funguo za stoo.

Nilijua Wamarekani huwachoma watu wao. Sikujua wanawarudisha sebuleni wakae kati ya saa na kalenda. Mtu angeniambia! Kampuni ilinipa karatasi kumi na mbili kuhusu nyumba hii, dawa ziko wapi, bomba linafungwaje, jirani gani ana mbwa mkali. Hakuna hata mstari mmoja uliosema bwana wa nyumba yuko ndani ya mtungi.

Nilinawa mikono mpaka ngozi ikalalamika. Kisha nikakumbuka sufuria. Jumapili ile baada ya kukuandikia nilipika pilau kwenye ile kubwa nikaipeleka kanisani. Akina mama kumi na moja walikula. Lydiah alirudia mara mbili, akasema, "Jedi, leo pilau imeweza! Uliweka nini?" Nikamwambia ni mdalasini. Zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni mara tatu, sema hivyo hata mbele ya hakimu, lakini kila nikimwona Lydiah akijipangusa mdomo namwona Mzee Clyde.

Hali ilivyo ni hii. Kama nusu yake imeteremka na bomba la jikoni. Iliyobaki nimeihamishia kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo niliokuja nao kutoka nyumbani, maana mfuko ulipasuka. Nimeuweka juu ya kabati. Kila nikipita nasema samahani kwa Kiingereza, sijui kama alikuwa na lugha nyingine.

Ngugi, naogopa. Si kazi tu. Katika nchi hii nzima Bi Pruitt peke yake ndiye anayeniita Jedidah. Kampuni wananiita Judy, daktari ananiita sweetie. Yeye siku ya kwanza aliniuliza jina langu linatamkwaje, akalirudia mara nne mpaka likakaa. Amenifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa lake, yeye haoni, mimi sijui, tukafika. Sasa nimemmwaga mumewe kwenye sinki. Nitamwambiaje? Wewe una akili za vijana, niambie la kufanya kabla ya tarehe kumi Aprili.

Jedidah

Richardson
13 Machi 1999

Shangazi yangu,

Pole. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikaona aibu, kisha nikacheka tena kwa sababu ya mdalasini. Nisamehe. Hapa wote wazima.

Nimefikiri. Dhahabu yaweza kurudishwa na fundi. Kuna mzee mmoja hapa Richardson, Mzee Feng, ana duka la vitu vya kale na anajua kazi hiyo. Lakini hafanyi haraka, na Bi Pruitt anakuja. Kwa hiyo fanya hivi. Huko Houston, barabara ya Harwin, kuna maduka yamejaa mitungi mipya ya namna hiyo hiyo, inatoka China kwa makontena. Tafuta wenye urefu ule ule, rangi ile ile, maua na popo. Mimina Mzee Clyde humo. Weka mahali pake. Ule wa zamani nitumie mimi, nitaupeleka kwa Mzee Feng, ukiwa tayari tutaubadilisha siku Bi Pruitt akiwa kliniki. Yeye haoni, utamwambia nini?

Kama kimo cha majivu kinakutia wasiwasi, hapa Texas kila jirani anachoma nyama, majivu hayakosekani. Ongezea kidogo.

Niandikie upesi. Jumanne na Alhamisi usitume mtu, niko dukani kutwa.

Ngugi

Stafford
29 Machi 1999

Ngugi, mwana wa kaka yangu,

Salamu. Goti limetulia. Baba yako ameuma hindi la kuchoma na meno mapya yakabaki kwenye hindi, habari kamili utaipata kwake.

Nimefanya ulivyosema, isipokuwa la nyama. Nimekosa, lakini sijakosa hadi kumchanganya mtu na mbavu za ng'ombe. Clyde amebaki nusu na atakuwa nusu.

Lydiah ndiye aliyenipeleka Harwin, na sikumwambia kitu. Duka la tatu nikakuta mitungi kumi na miwili kwenye rafu moja, yote pacha. Nikanunua mmoja. Popo wake ni sita. Nilimwuliza mwenye duka huyo wa sita ni wa nini, akasema ni wa bure. Lydiah akasimama mlangoni mwa gari, "Jedi, hii kitu ina macho. Wewe kweli unaweza lala na popo kwa nyumba? Hapana, wacha tuiombee kwanza before iingie kwa gari yangu." Akauwekea mikono hapo kwenye maegesho, watu wanapita na mifuko. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Nilipofika nyumbani niliiweka yote miwili mezani. Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Ule mpya ni laini wote, unateleza, na popo wake wana sura moja ya kupigwa muhuri. Ule wa zamani, nilikaa nao mapajani asubuhi nzima. Popo ni watano, nimewahesabu, na hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana jicho dogo kuliko jingine. Mmoja amekunja uso kabisa, ni baba yako kabla ya meno. Kwenye kioo kuna vishimo vidogo ambavyo moto uliviacha, huvioni lakini kidole kinavijua. Na upande wa nyuma, chini ya ua kubwa, fundi alikunja jani moja likaelekea upande usiofaa. Alipoona, hakulitoa. Alikunja mengine yote yaliyofuata yalifuate lile. Nimempenda fundi huyo, Ngugi. Ningekuwa naye darasani ningempa alama zote.

Nimeutuma kwa Kigen wa kanisani anayeendesha trela kuja kwenu. Ameniambia, "Aunty, hii nitaifunga na blanketi, nikae nayo mbele, na mshipi nitaivalisha. Wewe tulia." Utauchukua kwake Euless, maghala ya karibu na uwanja wa ndege, Ijumaa.

Nijibu kabla ya tarehe kumi. Na unijibu na hili pia: mtu wa kompyuta amejuaje unga wa kioo hunywea mara ngapi motoni? Na Jumanne na Alhamisi uko dukani kutwa, darasani unaingia lini?

Jedidah

Stafford
14 Aprili 1999

Ngugi,

Hujajibu. Kigen anasema alikukabidhi mtungi mkononi na ukamshukuru vizuri. Basi u hai.

Bi Pruitt alirudi Jumamosi na fremu yake ya kutembelea. Nilikuwa nimepika supu ya kuku, nimebadilisha mapazia, nimepanga dawa. Alifurahi. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu akanyoosha mkono. Alipapasa mara moja, vidole vikasimama. Akauliza, "Jedidah, huyu ni nani?"

Nikasema ni Bwana Clyde, mama.

Akaunyanyua kidogo, akaupima uzito. Akasema, "Clyde amekonda. Na hii si nyumba yake."

Ngugi, nilikuwa nimepanga maneno wiki tatu, nikayatupa. Nikamwambia yote. Mfuko, limau, sufuria sita, sinki, Kimbo, Harwin, hata pilau. Sikuacha kitu. Nilimwambia kwamba kwetu majivu ni ya kusugulia, na mtu ni wa kuzikwa, kwa hiyo haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kuwa majivu. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye fremu. Nilipomaliza alisema maneno matatu tu: "Nataka mtungi wangu."

Leo ni siku ya nne. Anakula ninachompikia, anasema asante, basi. Jioni hasemi lala salama kwa mtu yeyote. Jana kampuni walipiga simu kumwuliza kama ananitaka niendelee. Nilikuwa nakunja nguo nikasikia. Aliwaambia wampigie mwisho wa mwezi.

Sijali dhahabu tena. Mwambie Mzee Feng aache. Niletee mtungi ulivyo. Nijibu, hata kama jibu ni baya. Mimi nimesema langu, na bado nimesimama.

Shangazi yako

Richardson
19 Aprili 1999

Shangazi,

Salamu sina uso wa kuzitoa, lakini pokea.

Mtungi ni mzima. Naja nao mwenyewe Jumamosi tarehe ishirini na nne kwa basi la asubuhi, mapajani, sitauweka chini hata nikipiga chafya. Hauna dhahabu. Mzee Feng alikataa kuupaka. Aliugeuza kila upande, akafika kwenye lile jani lako, akatabasamu peke yake. Akaniambia, "Ukitia dhahabu mpya juu ya kazi hii, hakuna atakayejua tena nani aliishika." Kisha akaniuliza ni wa nani.

Hapo ndipo pabaya. Nilisema ni wangu.

Shangazi, mimi si mwanafunzi tangu Agosti. Nilianguka masomo mawili, nikayarudia nikaanguka tena, na chuo kikaniandikia barua ya heshima sana ya kunitoa. Tangu hapo naosha na kufunga vyombo kwa Mzee Feng. Nilikuwa nikisubiri nirudi chuoni kabla ninyi hamjajua. Mzee Feng aliponitajia bei ya kuununua mtungi, niliona ndiyo ada ya muhula mzima. Bi Pruitt ana wake wa Harwin, nikasema, na haoni. Nilikaa siku nane bila kumpa Mzee Feng jibu, na bila kukupa wewe. Uliponiandikia kwamba umesema kila kitu ukiwa umesimama, nilikuwa nimeketi, na nikajiona mchafu.

Nimemwambia Mzee Feng ukweli. Hakunifukuza. Alinipa kazi ya kung'arisha rafu zote, bila majivu.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Kompyuta sizipendi. Nikishika koleo na uzi wa shaba, saa sita zinapita sijaziona. Usimwambie baba.

Ngugi

Stafford
2 Mei 1999

Mwana wa kaka yangu, Ngugi,

Salamu nyingi. Natumaini basi lilikufikisha, na kwamba ule mkate wa ndizi hukuwagawia wale vijana watatu. Hapa ni wazima sote, na mvua imenyesha bila kushauriana na goti langu.

Nianze na lako. Nilijua. Sikujua Agosti, lakini nilijua. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka kumi na tisa, na mtoto anayesema masomo yanaendelea kama masomo huwa hajafungua kitabu. La kusema mtungi ni wako limeniuma, na nikikuona tena nitakusema ana kwa ana, usidhani mkate ulikuwa msamaha. Lakini uliuleta. Siku nane ni nyingi, ila uliuleta. Baba yako sitamwambia. Utamwandikia wewe mwezi huu, kwa mkono wako, mambo yote mawili, la kuanguka na la koleo. Atapiga kelele siku tatu kisha ataanza kuwaambia watu mwanawe anatengeneza dhahabu.

Sasa yaliyotokea baada yako, maana uliondoka ukiwa umeona mlango tu. Uliona alivyoupokea mtungi mapajani, akasema asante kijana, akaingia nao chumbani akafunga. Jumapili yote hakutoka ila kula. Nilifungasha sanduku langu. Niliondoa hata kalenda yangu ukutani.

Jumatatu asubuhi nikiwa jikoni nilisikia fremu inakuja. Akasimama mlangoni, akasema, "Nionyeshe sufuria ni zipi." Nikazishusha zote sita, nikazipanga mezani. Akazipapasa moja moja, ndani na nje, akiuliza hii pia, na hii pia? Nikasema ndiyo mama, ndiyo mama. Alipofika ya sita, ile ya pilau, mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia, nikaanza kulia na mimi. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika nyonga, nikamwekea kiti. Akasema, "Miaka arobaini na sita, Jedidah. Miaka arobaini na sita mwanamume yule hakuosha hata kijiko."

Tukacheka wote kama wendawazimu, kisha akalia kweli, na mimi nikamshika. Alisema kilichomkasirisha si sinki. Yaliyomwagika ni bahati mbaya, hata yeye aliwahi kumwangusha Clyde akamzoa kwa mashine ya kunyonya vumbi. Kilichomuuma ni ule mtungi wa Harwin. "Ulidhani kwa kuwa sioni nitalala na mtu nisiyemjua." Nilimwomba radhi, safari hii bila hadithi ya desturi za kwetu, radhi tupu. Akasema basi.

Nusu ya Clyde imerudi mtungini. Tuliimimina pamoja, yeye kashika mtungi wake, mimi ule wa Harwin. Aliniambia Clyde alikuwa akiupaka mtungi nta ya meza kila Krismasi, miaka na miaka, na kwamba mimi nimeitoa yote. Sasa vidole vyake vinazisikia nyuzi. Amekwisha kuwapata popo wanne. Wa tano sijamwambia aliko.

Kampuni walipiga simu Ijumaa. Akawaambia, "Anaitwa Jedidah. Andikeni vizuri. Hatoki hapa."

Kisha jana tukiwa tunakunywa chai alinieleza jambo. Mtungi ule wakati wote ulikuwa wa watu wawili, ndiyo maana waliununua mkubwa. Akifa, yeye pia atachomwa, aingie humo na Clyde, na anataka nimmimine mimi. Si kampuni, si mchungaji wake. Mimi, binti wa mzee wa kanisa la Othaya, ambaye nimeapa mara mia kwamba mtu ni wa udongo. Nilikaa na kikombe mpaka chai ikapoa. Nikamwambia nitafanya, na nitaimba.

Akaridhika. Akasema ana ombi moja tu kuhusu siku hiyo: vyombo vyote viwe vimeshaoshwa.

Shangazi yako anayekupenda,
Jedidah